Bistro za katikati ya Kampala zenye menyu ya dunia nzima: unaagiza nini, na kwa nini?

Nakasero_Juu

Wadau, habari za jioni.

Kila mara humu kuna mtu anauliza ampeleke mgeni wapi akale katikati ya jiji. Anataka mahali patulivu, meza zisibanane, muziki usizime mazungumzo, na kila mmoja apate cha kwake: mtoto piza, mama mkwe samaki, shemeji kutoka Nairobi nyama yake. Majibu huwa majina ya sehemu tu. Majina hayamsaidii mtu sana, kwa sababu wapishi huhama, na bistro ile ile, yaani mkahawa ule ule, inaweza kukulisha vizuri leo ikakuangusha kesho kwa kuwa umeagiza kitu kingine. Kwa hiyo uzi huu ni wa kuagiza, si wa majina.

Msimamo wangu ni huu. Katika bistro ya Kampala yenye menyu ya kurasa na kurasa, agiza sahani ambayo vitu vyake vimetoka hapa, hata kama mapishi yametoka mbali. Jina liwe la Kiitaliano, Kihindi, Kimeksiko au Kifaransa, haidhuru. Jiulize samaki, maziwa, viazi na nyanya vimesafiri umbali gani. Ukila kwa kipimo hicho, pesa yako itarudi.

Chukua samaki. Ggaba iko ndani ya jiji hili hili, na boti zinateremsha samaki pale kila asubuhi. Ngege, ambaye ndugu zetu wa Bukoba na Mwanza humwita sato, anaweza kuwa mezani kwako siku ile ile aliyovuliwa. Jikoni wakimpika kwa siagi, limau na kotimiri, au wakamfanyia mchuzi wa nazi na tangawizi, unakula samaki wa siku hiyo hiyo, hajalala. Mtazame anavyoletwa: akiwa mzima, awe amepigwa chale mbavuni, ngozi imekauka ikavunjika ukiigusa kwa uma, na nyama ndani bado inatoa maji yake. Mkia unatafunwa wote. Sangara naye ni wa minofu minene isiyo na vijiba vidogo, ndiyo maana anafaa kwa wale wanaopenda samaki na chipsi kwa mtindo wa Uingereza. Minofu yake inasafirishwa Ulaya kwa ndege, sisi tunamla hapa hapa.

Viazi vinatoka Kabale na Kisoro. Bistro inayokata chipsi zake yenyewe utaitambua papo hapo: vipande havilingani, kimoja kina kipande cha ganda, na ndani ni unga mtupu. Zile zinazofanana zote zimetoka kwenye mfuko wa chipsi zilizogandishwa.

Na kitindamlo, tafadhali msikipite. Uganda inalima vanila, Mukono na Bundibugyo, na inavuna misimu 2 kwa mwaka. Ukiagiza krimu ya kuoka yenye sukari ya kuungua juu, angalia chini ya bakuli. Ukiona vidoa vyeusi vidogo vidogo, huyo mpishi ametumia ganda la vanila lenyewe. Rangi ya njano tupu bila kidoa, hiyo mara nyingi ni ya chupa.

Karibuni tuchangie.

BintiKololo

Kaka Nakasero, nakuheshimu lakini hapa sikubaliani nawe. Ngege nampika nyumbani, mama yangu anampika vizuri kuliko bistro yoyote. Nikitoka kwenda kula mjini na rafiki zangu, natafuta kile ambacho jikoni kwangu hakipo. Nataka salmoni, nataka jibini zile zenye harufu, nataka pasta ya uduvi. Nalipa zaidi nikijua nalipia safari ya ndege. Sasa wewe unaniambia niende Nakasero nikale kiazi cha Kabale?

Nakasero_Juu

Dada, haki yako hiyo, na sikukatazi. Samaki aliyegandishwa vizuri si samaki mbaya. Salmoni wengi wanaouzwa duniani ni wa kufugwa, Norwe ikiongoza, na akigandishwa mapema anaweza kuwa bora kuliko ngege aliyeshinda juani. Shida yangu ni pale anapoyeyushwa, hajaagizwa, anarudishwa kwenye friji, kesho anatolewa tena. Ukila salmoni, kula kwenye bistro ambayo watu wengi wanamwagiza. Mahali ambapo ni wewe peke yako mwezi mzima, mwache.

Na kuhusu mama, nimekuelewa. Lakini mama hampiki ngege kwa siagi iliyounguzwa kidogo na kepa, yale matumba madogo ya maua yenye uchachu. Ni samaki yule yule, utamu mwingine kabisa, na huo ndio utajiri wa menyu ya kimataifa ninaouzungumzia.

Mpishi_256

Naomba niingie, maana mimi nipo jikoni. Nimefanya kazi kwenye bistro za mjini kwa miaka, sasa nasimamia zamu ya mchana. Nitawaeleza menyu ndefu inavyofanya kazi, mtaelewa cha kuagiza bila kubahatisha.

Mteja anaona sahani nyingi, Italia, India, Meksiko, Lebanoni, Uganda. Jikoni saa mbili asubuhi kuna masufuria machache tu. Moja ni sosi ya nyanya na vitunguu saumu: inaingia kwenye piza, kwenye pasta, na ikiongezwa maji na krimu inakuwa supu ya nyanya. La pili ni sosi nyeupe ya siagi, unga na maziwa: inaingia kwenye lazanya, kwenye kuku wa uyoga, kwenye mboga za kuoka. La tatu ni rojo la vitunguu vilivyokaangwa hadi kubadilika rangi, tangawizi, binzari na nyanya: hilo ndilo mama wa kaari zote. Ukilitia krimu na siagi una kuku wa siagi, ukilitia mchicha na paniri, ile jibini ya Kihindi, una paniri ya mchicha, ukilizidishia pilipili una kitu kingine. Halafu kuna kuku aliyelala kwenye mtindi na viungo tangu jana, na donge la piza lililoumuka usiku kucha kwenye friji.

Kwa hiyo menyu ndefu si lazima iwe dalili mbaya. Ni dalili mbaya pale inapokuwa na sahani ambazo hazitegemei masufuria hayo. Ukiona sahani moja tu ya bata, au moja tu ya kome, ambayo haina ndugu kwenye menyu nzima, jua kile kitu kinakaa peke yake kwenye barafu kikikusubiri. Agiza zenye ndugu wengi.

Jambo la pili ni saa. Kati ya saa saba na saa nane unusu mchana maofisi yote ya Kampala Road na Nakasero yanateremka kwa pamoja. Saa hizo ukiagiza ngege mzima, tutakuletea, lakini mafuta ya moto yana nafasi yake na samaki mzima anataka muda wake. Usimpigie mhudumu kelele, yeye hapiki. Njoo saa sita na robo au saa tisa, utakula chakula kile kile kilichopikwa na mtu asiyekimbizwa.

Tena umeme. Ukikatika, jiko la gesi linaendelea, ila tanuri la umeme na mashine ya kahawa vinasubiri jenereta. Muulize mhudumu kabla ya kuagiza piza, atakwambia ukweli.

Ssebo_wa_Mbarara

Mpishi ahsante sana. Mimi nataka kuuliza kuhusu steki. Sisi watu wa Ankole ng'ombe ni wetu, lakini steki za mjini mara nyingine unatafuna hadi taya zinauma, na bei yake si ndogo. Tatizo ni ng'ombe au ni mpishi?

Mpishi_256

Ssebo, ni vyote viwili, na kingine cha tatu. Ng'ombe wa Ankole wa pembe ndefu anakula majani na anatembea sana. Nyama yake ina ladha nzuri, lakini mafuta ndani ya nyuzi ni machache. Nyama ya namna hiyo ukiipika mpaka ndani ikauke, inakazana.

La tatu ndilo kubwa: kwetu nyama huchinjwa alfajiri na kuuzwa asubuhi hiyo hiyo. Ni nzuri kwa mchuzi, maana itachemka hadi ilainike. Kwa steki nyama inatakiwa ining'inie kwenye baridi siku kadhaa, vimeng'enya vyake vyenyewe vilegeze nyuzi. Bistro zinazofanya hivyo zipo, na mhudumu atajua ukimuuliza kama nyama yao imelazwa. Zisipofanya, agiza fileti tu, ule msuli wa kando ya uti wa mgongo ambao ng'ombe hautumii sana. Na useme iive wastani. Usiposema, wapishi wengi wataiivisha kabisa, maana wateja wetu wengi ndivyo wanavyopenda.

Kama hutaki majimaji mekundu hata kidogo kwenye sahani, mimi ningekushauri uache steki, uagize nyama iliyopikwa taratibu kwa mvinyo au kwa nyanya. Utafurahi zaidi.

UmmuHamza

Assalaam aleykum wote. Uzi mzuri, lakini mmetusahau. Sisi tunaokaa Old Kampala, karibu na msikiti mkuu, tukitaka kutoka na watoto kwenda mjini tunapata shida. Menyu ina bekoni, ina mbavu za nguruwe, ina mvinyo kwenye sosi. Mhudumu ukimuuliza anajibu haraka "hakuna shida, nnyabo". Jibu la haraka hivyo mimi halinitoshi.

Mpishi_256

Waaleykum salaam, dada. Una haki ya kutotosheka. Ukiuliza kwa ujumla "mna halali?" utapata jibu la ujumla. Uliza kwa vipande.

Kwanza nyama. Kwa desturi ya muda mrefu hapa Uganda, wachinjaji wengi kwenye machinjio ni Waislamu, kwa hiyo ng'ombe na kuku wa hapa nchini mara nyingi hawana tatizo. Nyama iliyotoka nje uliza inatoka wapi.

Pili, na hapa ndipo penye jambo lenyewe, waya wa kuchomea. Jikoni nyingi zina mahali pamoja pa kuchomea nyama. Mbavu za nguruwe zikitoka, kuku anaingia. Vivyo hivyo mafuta ya kukaangia. Uliza: "Kuku wangu anachomwa waya mmoja na nguruwe?" Mhudumu asiyejua ataingia jikoni kuuliza, na hapo utapata jibu la kweli.

Tatu, sosi. Zenye uyoga na zile za kahawia za nyama mara nyingi zina mvinyo au brandi. Zile za Kihindi hazina. Ngege wa kukaanga kwenye kikaango chake peke yake, au kaari na wali, hapo utakula kwa raha. Na zipo sehemu mjini ambazo hazipiki nguruwe kabisa, wengi wenu mnazijua.

UmmuHamza

Allah akulipe kheri. Hilo la waya wa kuchomea hakuna aliyewahi kunifafanulia.

Mzee_wa_Arua

Wanangu, nimesoma yote. Nimefurahi mnazungumza Kiswahili kizuri kuhusu chakula. Mimi nimekijua Kiswahili jeshini, na nilikuwa Kampala kijana.

Niseme jambo moja kwa kijana wa Nakasero. Unaziita kaari na chapati "mapishi yaliyotoka mbali". Si mbali kiasi hicho. Mafundi na vibarua kutoka India waliletwa kujenga reli kutoka Mombasa, ikafika Kisumu mwaka 1901, na Kampala ikaunganishwa mwaka 1931. Nyuma yao walikuja wenye maduka, na jikoni zao zikaja nao. Nilipokuwa kijana, harufu ya sambusa na viungo katikati ya mji huu ilikuwa harufu ya Kampala yenyewe.

Agosti 1972 Idi Amin akawaambia Wahindi wana siku 90 za kuondoka nchini. Nililiona hilo kwa macho yangu. Milango ilifungwa, na waliopewa maduka na mikahawa wengi hawakujua biashara ile. Miaka ya 1990 serikali iliporudisha mali, baadhi ya familia zilirudi. Mkikaa leo kwenye bistro na mkaona kuku wa tika amepangwa kwenye ukurasa mmoja na piza, mjue alikuwepo hapa kabla ya piza. Na ile rolex mnayokula barabarani, mayai ndani ya chapati, imetoka wapi? Naomba msiwahesabu wageni watu ambao chakula chao mnakila kila asubuhi.

Nakasero_Juu

Mzee, shikamoo. Nimelipokea neno lako kwa mikono miwili. Linaongeza nguvu kwenye nilichosema: bistro za mji huu zikipika Kihindi zinapika vizuri kwa sababu mikono imezoea tangu enzi, viungo vipo, na wateja wanajua ladha sahihi. Huwezi kumdanganya mtu wa Kampala kwa chapati mbovu.

Mzee_wa_Arua

Marahaba, mwanangu.

Kijana_Ntinda

Wakuu mnazungumza vizuri ila hamjagusa bei. Nina miadi ya mara ya kwanza na msichana ninayemheshimu sana. Sitaki aibu bili ikija.

Nakasero_Juu

Ndugu, bistro nyingi za Nakasero na Kololo sahani kuu huwa kati ya shilingi 30,000 na 60,000, na vinywaji juu yake. Geuza menyu uangalie maandishi madogo chini kabisa. Kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 18. Wengi wameshaiweka ndani ya bei, lakini wapo wanaoiongeza mwishoni, na hapo sahani ya 40,000 inakuwa 47,200 kabla hujaagiza maji. Wengine wanaongeza na malipo ya huduma. Uliza mapema, kwa sauti ya kawaida, hakuna aibu ndani yake. Kama malipo ya huduma hayapo kwenye bili, mwachie mhudumu kitu mkononi, maana ile iliyolipwa kwa simu si kila mara inamfikia.

Hakikisha pia salio lako la pesa za simu, mtandao husumbua jioni. Beba noti kidogo.

Na usichague sehemu yenye muziki mkubwa. Unataka kumsikia anachosema. Kaeni nje kama mvua haijatanda, jioni za Kampala zina hewa nzuri, tuko mita 1,200 hivi juu ya bahari. Miezi ya Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba omba meza chini ya paa. Kabla ya kula mnaweza kupita maduka ya ufundi nyuma ya ukumbi wa maonyesho wa taifa, mazungumzo yatajileta yenyewe.

BintiKololo

Naongezea kama mwanamke: mwache achague mwenyewe, usimwagizie. Na usimwambie "kula chochote" huku unaitazama menyu kwa hofu. Chagua sehemu unayoimudu, basi.

Na kahawa baada ya chakula, tafadhali. Nchi hii inapeleka kahawa kwa wingi Italia, halafu wapo wanaokuletea ya unga kwenye kikombe cha maji moto. Uliza kama wana ya Bugisu, ile arabika ya miteremko ya Mlima Elgon. Inywe bila maziwa kwanza. Hapo ndipo nakubaliana na kaka Nakasero, kwenye kahawa sitaki ya nje hata kidogo.

Mama_Bukoba

Habari zenu wanangu. Ijumaa nakuja Kampala na familia, wajukuu wanalilia piza, mume wangu anataka luwombo, na sitaki kuwagawa sehemu mbili. Bistro za namna hiyo zinapika luwombo au niache?

Mpishi_256

Shikamoo mama, karibu sana Kampala. Usiache. Bistro kadhaa zinapika luwombo siku maalumu, na Ijumaa ni mojawapo kwa wengi, lakini si kitu cha kuagiza ukiwa umeshakaa mezani. Jani la mgomba linapitishwa kwenye moto hadi lilegee, nyama au kuku anafungwa ndani na mchuzi wake, mara nyingi wa karanga, halafu kifurushi kinapikwa kwa mvuke kwa saa kadhaa. Simulizi za Buganda zinasema kilianzia jikoni kwa Kabaka Mwanga miaka ya 1880, na tangu hapo hakuna njia ya mkato.

Kwa hiyo piga simu asubuhi kabla ya saa tatu. Uliza mambo haya: leo mnapika luwombo, ni ya kuku au ya ng'ombe, na mnaweza kuniwekea ngapi. Wakikwambia "njoo tu, ipo muda wote", uwe na wasiwasi, huenda wameipasha ya jana. Wakikwambia itakuwa tayari saa saba, hao wanapika kweli. Matoke yaagize pamoja nayo, yafungwe kwenye jani pia, usikubali wali.

Na sema luwombo iletwe mezani ikiwa bado imefungwa. Jikoni wakiifungua, mvuke wote na harufu ya jani vinabaki huko kwetu, na mzee wako ataletewa mchuzi wa kawaida kwenye bakuli.

Mama_Bukoba

Marahaba. Nitapiga simu Ijumaa asubuhi kabla ya kuondoka Masaka. Tutakuwa wanane, wanaokula piza ni watatu. Na mimi nitakula huyo ngege wa siagi na kepa, nione kama kijana anasema kweli.

Nakasero_Juu

Mama, ukifika kabla ya saa saba watakupikia kwa nafasi. Kwa watu wanane waambie mapema waunganishe meza, na ile ya kivulini ndiyo huchukuliwa kwanza.